Nukta Tatu kwenye Breki za Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijamvaa shemeji yangu, maana hasira niliyonayo inaweza kukausha rangi bila jua. Mimi ni mpaka rangi wa magari, na sijisifu, lakini nimepaka magari ya mabalozi, nimepaka boti, nimepaka jeneza la tajiri mmoja likang'aa mpaka wafiwa wakawa wanajiweka sawa nywele kwenye kifuniko. Sasa baba mkwe ana gari lake la michezo la viti viwili, lina umri mkubwa kuliko mke wangu, na analipenda kiasi kwamba sisi wakwe tunasalimiwa baada yake, na mwezi uliopita akaona kalipa za mbele, yale makucha ya chuma yanayobana diski za breki, zimeota kutu, akaamuru shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni fundi breki, azifungue, mimi nizipake, yeye azirudishe.

Mshauri, nilizipaka! Nilisugua kwa brashi ya waya, nikashuka na msasa, nikaziba mipira ya pistoni kwa utepe isiguswe na rangi, nikaosha grisi yote, nikapiga nyekundu ya kuhimili moto mikono mitatu, juu yake vanishi, zikatoka kama tunda. Shemeji akazifunga, halafu akaanza kulia kwamba pedali inazama kama godoro, basi kila jioni anatoa upepo kwenye breki, na kila akitoa, mafuta ya breki yanachuruzika kwenye rangi yangu, na mafuta yale yanakula rangi, sasa nyekundu yangu imetoka malengelenge! Nikamwambia, "Shemeji, futa basi hata kwa kitambaa." Akanijibu mbele ya baba mkwe, "Mpaka kucha wewe, nyamaza, hapa tunatafuta breki." Mke wangu akacheka! Baba mkwe akamgeukia mwanawe, "Na wewe wiki ya pili unazitafuta. Zikikushinda sema, nimwite fundi. Jumapili nampeleka mama yenu kwa dada yake kule chini ya mlima, zimepona hazijapona."

Shemeji akajifuta mikono, na hapo ndipo nilipokwama, maana nilipofungua picha nilizopiga kabla ya kazi ili niwaringie wateja, nikaona kalipa moja ina nukta moja, nyingine ina nukta mbili, zimegongwa kwa msumari, na mimi nilidhani ni makovu nikayasugua, na kwenye picha ile nipo, ile chuchu ya chuma ya kutolea upepo, iko juu, sasa hivi inatazama chini. Je, naweza kumtumia ujumbe kwa namba asiyoijua? Maana nikikiri, nitaitwa Mpaka Kucha mpaka kaburini.

*

Mpaka Kucha,

Jina nimelipenda, na wiki hii limekukaa.

Mimi shule iliniacha njiani, nikasomeshwa na bandari na magereji ya nchi nne, lakini hata mimi najua hewa hupanda juu. Shemeji yako aliweka nukta moja kushoto, mbili kulia. Ukazifuta. Akafunga ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, nipo zikaelekea ardhini, na hewa imejikusanya juu, haina pa kutokea. Atamwaga mafuta mpaka azeeke. Anadharauliwa na baba yake mzazi kwa kosa lako, na wewe unalilia malengelenge!

Kazi yako ni nzuri, nakubali. Kuziba mipira ya pistoni wengi hawakumbuki. Lakini unataka kutuma ujumbe wa kificho kuhusu breki za wazazi wa mkeo? Una akili timamu au ni harufu ya vanishi?

Nimekupigia simu mara mbili, hupokei. Leo ni Ijumaa. Inuka ulipoketi. Chukua hiyo picha, nenda kwa baba mkwe, mwombe ufunguo wa gari kwanza, uutie mfukoni, ndipo useme, shemeji akiwepo: "Alama nilizifuta mimi." Maneno matatu, hayaui. Kisha mkabidhi shemeji ufunguo. Abadilishe kalipa, nipo zitazame juu, atoe upepo mpaka pedali iwe ngumu, na wewe ushike kitambaa na ndoo ya maji, kila tone la mafuta ulioshe hapo hapo. Wakijaribu gari, iwe uani, polepole, bila mama mkwe. Rangi utaipaka upya baadaye. Na nukta zigongwe tena, ndani, mahali ambapo msasa wako hauna shughuli.

Watakucheka. Cheka nao, unastahili.

Na wewe, mzee mwenye gari la viti viwili na kalipa nyekundu zenye malengelenge: kama gazeti hili limekufikia kabla ya mkweo, usiwashe gari. Na mwanao umwombe radhi.