Jina la Nyar Karungu

Alhamisi, Ndhiwa. Mawingu tangu asubuhi, mvua imekataa kunyesha. Nimetulia, ila nina aibu kidogo.

Babu tunamzika Jumamosi, na kwa kuwa duka la kuchapa ni langu, programu ya mazishi imeniangukia. Sehemu ya wajane ndiyo iliyonikwamisha. Wake wawili wakubwa, majina yao yaliletwa na watoto wao. Mke wa tatu hakujaliwa mtoto, basi hakuna aliyeleta lake. Sisi humwita Nyar Karungu, binti wa Karungu, maana ndiko alikotoka kuolewa. Nikampigia baba mdogo simu. Akasema, "Andika tu Nyar Karungu. Nani hamjui?"

Nikaandika.

Halafu, kwa ule uvivu wangu wa kukwepa kazi, nikaanza kusoma mtandaoni habari za Magnia Urbica, mke wa Carinus, mfalme mmoja wa Roma ya kale. Waandishi wa zamani walimsema sana mumewe, eti alioa wanawake tisa na kuwaacha. Huyu mama hawakumtaja hata kidogo. Anajulikana zaidi kwa sababu sura na jina lake viligongwa kwenye sarafu. Tena alikuwa malkia, si mtu wa hivi hivi.

Nikarudi kwenye programu na moyo ukaniuma. Nyar Karungu alinilea miaka minne, mama alipokuwa akifanya kazi Migori. Najua anavyopenda chai yake. Najua ni goti lipi linamsumbua. Jina lake silijui, na sijawahi kuuliza. Kwani Karungu ina binti mmoja?

Jioni nikaenda bomani. Alikuwa ameketi mkekani na wajane wenzake. Nikainama nikamuuliza, "Dana, jina lako hasa ni nani?" Nilidhani nyanya yangu atacheka. Hakucheka. Akasema, "Dorsila Aloo." Akaongeza kwamba tangu mama yake afariki hajasikia mtu akiliita.

Nilitaka kulia, nikajikaza. Nikaliandika kwenye simu, halafu nikamsomea kwa sauti nijue kama nimepata sawa.

Akaitika.

Kesho nachapa. Jumamosi nitamwomba mchungaji alisome polepole.