Waliotoka Kwenye Mashine

Jumatatu, 10 Machi
Mapokezi tangu asubuhi. Foleni, kadi, kelele. Saa tano wachimbaji wameshusha mwenzao kutoka kwenye pikapu. Masanja. Duara lao, shimo la dhahabu, limebomoka, kifusi kikamkandamiza kifua. Vumbi masikioni, midomo ya bluu. Nimemwandikisha nikitazama meza.

Jumanne, 11 Machi
Mama yake amefika kutoka kijijini. Anaongea Kisukuma tu. Daktari ni mtu wa Moshi, kwa hiyo nimeitwa mimi, karani, kutafsiri. Mbavu zimevunjika, mapafu yamejaa damu. Daktari anataka kumtia mpira kooni, mashine impumulie mpaka mapafu yapate nguvu. Ng'ambo, anasema, ipo mashine inayotoa damu nje, inaitia hewa na kuirudisha mwilini. Sisi tuna hii tu.

Mama akakataa. Simlaumu. Hata kwetu Ngokolo, ukisikia jirani amewekwa kwenye mashine, unaanza kutafuta turubai la msiba.

Akaniuliza mimi, si daktari: "Ng'wanone, mwanangu, kuna aliyewahi kutoka humo akiwa hai?"

Nina miezi minne hapa. Niliowaona wametoka wamefunikwa shuka.

Nikasema, "Wapo, Mama. Wengi."

Akakubali.

Jumatano, 12 Machi
Umeme umekatika mchana. Jenereta likachelewa kidogo. Muuguzi alimpumulia kwa mkono, kwa mfuko wa hewa. Nilisimama mlangoni nikinong'ona sala. Shija, mchimbaji mwenzake, akanitania: "Dada karani, mbona unasali kuliko mama mtu? Au ni mchumba wako?" Sikucheka.

Ijumaa, 14 Machi
Homa. Wamemlaza kifudifudi ili hewa iingie vizuri. Mama anawasimulia wanawake wa benchini habari za wale wengi niliowaona mimi. Wananitazama kwa heshima. Naona aibu. Akifa, sitaweza kurudi kwenye lile dirisha la mapokezi.

Jumatatu, 17 Machi
Nimeogopa kuuliza. Hakuna aliyeniambia kitu.

Jumanne, 18 Machi
Wametoa mpira. Anapumua mwenyewe. Ameomba maji, sauti kama ya mzee. Nimelia chooni.

Alhamisi, 20 Machi
Mama Masanja amekuja dirishani, amejifunga kitenge safi. Anataka nimpeleke kwa wale wengine waliotoka, akawasalimie.

Nimemwambia ukweli. "Hakuna, Mama. Sijawahi kumwona hata mmoja."

Akageuka kutazama benchi. Benchini alikuwapo mwanamke mgeni, mumewe anapelekwa kwenye mashine ile ile.

"Basi sasa yupo," akasema Mama. Akaenda kukaa karibu na yule mwanamke.