Vyumba Kando ya Barabara

Chebet mjukuu wangu,

Natumaini baridi ya huko haikusumbui sana. Sisi tuko salama. Shangazi yako amejifungua msichana, na mimi leo kukaa kumenishinda kwa furaha: naandika kidogo, nasimama, narudi.

Umeuliza kama ununue nyumba katika huo mji wa theluji, kwa vile watalii wanajaa na kila mtu anajenga.

Enzi za chama kimoja, nikiwa nimeolewa juzi tu hapa nje ya Eldoret, wazungu walianza kuja kufanya mazoezi ya kukimbia. Babu yako akabomoa zizi la ng'ombe, akajenga vyumba vya kuwapangisha. Mwaka uliofuata wakaenda kwingine. Hakutulia tena, gari likipita, anatoka langoni. Mavuno yalipofika, mama yake akajaza mahindi kwenye vile vyumba, akasema, "Hawa ndio wageni wanaorudi kila mwaka."

Nunua ukitaka. Ila kaitazame kwanza hiyo nyumba wakati theluji imeisha, uone waliobaki huko wanaishi vipi.

Siku hizi hata mimi gari likipita natoka langoni. Si watalii ninaowangoja.

Nyanya yako