Msamaha Nilioutoa kwa Mdomo

Mtaa wa Sokoni,
Tarime, Mara.
19 Desemba 2023

Mpendwa dada yangu Zaitun,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ujiji, na kwamba pumu yako imetulia sasa mvua zimelaza vumbi. Shemeji Faridu naye vipi, bado anabishana na redio? Sisi tupo kwa rehema za Mola. Nyumba inavuja palepale inapovuja kila mwaka, na mimi nimechoka, dada. Si mwili. Mwili bado una nguvu za kuchinja ng'ombe.

Mwanamvua anaendelea vizuri. Vyuma bado vimo mguuni, lakini sasa anatembea kwa fimbo moja tu. Mdomo wake, kama unavyomjua wifi yako, haukupata hata mchubuko.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningekuambia sijambo, ungesema alhamdulillah, tukakata. Mwezi uliopita uliniambia umewahadithia akina mama wa darasa lenu habari za mdogo wako wa Tarime, aliyemsamehe kijana aliyemvunja mkewe mguu. Maneno yale yamenikaa kooni mpaka leo. Sifa zile si zangu, na naomba unisikilize.

Ajali unaijua. Wakati wa masika Mwanamvua alikwenda Sirari kununua vitenge, akarudi na pikipiki ya Zablon, mtoto wa mzee Mseti wa Nyarero. Kijana alikuwa anaongea na simu huku anakimbiza pikipiki, wakaingia mtaroni. Yeye alichubuka kiwiko. Mke wangu alivunjika mguu mahali pawili.

Baadaye wazee wa ukoo wao walikuja kwangu na ng'ombe mtamba wa kuomba radhi. Watu walijaa uwanjani, Waislamu kwa Wakristo. Nikasimama nikasema warudi na mtamba wao, mimi nimemsamehe Zablon kwa ajili ya Mungu. Wazee wakanipa mkono mmoja mmoja. Ijumaa yake imamu akanitaja kwenye mawaidha, na mimi nimeinamisha kichwa kama mnyenyekevu, huku masikio yamesimama nisipitwe na neno.

Kumbe mdomo tu ndio uliosamehe, moyo haukuulizwa. Tangu siku ile kila pikipiki inapounguruma damu inanipanda kichwani. Nikasema nafsi hii nitaikomesha kwa njaa, nikaanza kufunga Jumatatu na Alhamisi. Matokeo yake nikawa na njaa na hasira pamoja. Siku za funga hata paka wa nyumbani alikuwa ananipisha. Nikirefusha sijda, naikuta sura ya yule kijana inaningoja palepale.

Kuchukia kunachosha, lakini kuchukia huku unatabasamu kunachosha zaidi. Watu wananishika mkono sokoni, "Shehe, wewe una moyo." Huku kwetu mchinjaji wanamwita shehe kwa ajili ya kisu tu. Nafsi yangu ikawa inakula sahani mbili: inamchukia kijana wa watu, na papo hapo inashiba sifa za kumsamehe. Kila nilipotaka kusema ukweli, iliniuliza watu watasemaje.

Mwanamvua mwenye mguu wake hana habari. Zablon alikuwa akimletea maziwa, anapokea, wanacheka. Siku moja nilimuuliza anawezaje. Akanitazama kama mtu anayetazama sufuria iliyoungua, akasema, "Mguu ni wangu. Hizo hasira wewe umezitoa wapi?"

Nikatoka kwenda kunoa kisu kilichokwisha kunolewa.

Basi, mzee Mseti alikuwa anamwoza binti yake Wegesa. Wao ni Wakristo, na huku Mkristo mwenye sherehe akitaka majirani Waislamu wale kwake, humwita Mwislamu amchinjie. Angeweza kumwita mchinjaji wa Sirari. Kwa heshima akatuma mtu kwangu. Nikasingizia mgongo, nikasingizia kisu ni butu. Mwanamvua alichukua kisu na kanzu yangu, akaviweka kizingitini, akarudi kukaa bila kusema neno. Kwa Mwanamvua, kunyamaza ni jambo zito. Nikaenda.

Nyarero nilikuta vijana wameshamlaza dume, wamemfunga miguu na kumwelekeza kibla kama nilivyowafundisha. Aliyeinamia kichwa cha ng'ombe, anaivuta shingo nipate pa kukata, ni Zablon. Shingo yake ilikuwa karibu sana na mkono wangu, mshipa unapiga. Dada, kilichonipita moyoni sitakiandika. Kilipita upesi na sikukikaribisha, lakini kiliingia kama mwenyeji.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme Bismillahi, sikuweza. Nyama isingeharamika kwa hasira zangu, hukumu yake naijua. Lakini kulitaja jina lile moyo ukiwa katika hali ile, niliona aibu kuliko kusimama uchi. Nikakificha kisu chini ya kanzu, ng'ombe asikione.

"Shehe, kuna nini?" mzee Mseti akauliza. "Kisu hakikati?"

"Kinakata," nikasema. Kisha nikamwambia kijana mbele ya baba yake na wazee walewale walioleta mtamba, "Zablon, mimi sijakusamehe. Siku ile nilisema kwa sababu watu walikuwa wananitazama."

Vijana walibaki wamemlalia ng'ombe. Zablon hakukiachia kichwa.

"Najua, tata," akasema. Ndivyo Wakurya wanavyomwita baba. "Mama ananipokea, wewe unaangalia ukuta. Mi ningependa unitukane tu, kuliko ile salamu yako."

Basi nikamtukana. Nilimwambia yote, simu yake, mwendo wake, mke wangu alivyolia wakimnyoosha mfupa. Aliyapokea kichwa chini, machozi yanamdondokea ng'ombe. Nilipoishiwa maneno, mzee Mseti akakohoa, akasema, "Haya, amesikia. Sasa mura, kijana wa watu, atainama hapo mpaka lini, na ng'ombe naye anachoka."

Nikaomba maji, nikatawadha, nikachinja. Siwezi kukuambia moyo ulikuwa safi. Ulikuwa mtupu, na baada ya miezi yote ile utupu ulikuwa nafuu.

Habari zilifika mjini kabla yangu. Msikitini wapo wanaosema nimenyang'anya msamaha kama anayenyang'anya zawadi aliyokwisha kuitoa. Wengine hawaniiti shehe tena. Imamu Ijumaa hii hakunitaja kwa lolote, nami nimemshukuru Mungu. Inauma, sitakudanganya. Nafsi inalilia sifa zake kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Nawe nakuomba uwaambie akina mama wa darasa kwamba hadithi ile haikuwa kweli.

Jana Mwanamvua alitakiwa hospitali kupigwa picha ya mguu. Zablon akaja kumchukua kwa pikipiki, na mke wangu mwenyewe akakataa usafiri mwingine wowote. Akapanda, fimbo ameipakata. Mimi nikasimama mlangoni nikawasindikiza kwa dua: Ya Rabbi wafikishe salama, warudishe salama. Walikuwa wameshapinda kona ndipo niliposikia nilichokiomba. Nilikuwa nimewaombea wote wawili, na hakuna aliyenitazama.

Nisalimie shemeji Faridu, mwambie redio haijawahi kushindwa na mtu. Msalimie shangazi Mwanakombo na wanao wote. Mwanamvua anakusalimu sana, anauliza dagaa wako wamepotelea njia ipi. Allah akupe afya na kifua chepesi, na atutengeneze mioyo yetu kabla hajaichukua.

Mdogo wako akupendaye na asiyestahili sifa zako,
Abdurahmani