Mchunga wa Soko la Vuga

Lushoto, Jumapili

Marahaba, mjukuu wangu Zaina.

Hatujambo, babu yako amepona kikohozi. Umeuliza kama ujipikie chakula chako huko Muheza ulikopelekwa kikazi. Nitakueleza yote, hata la aibu.

Nilipokuwa muuguzi kijana nilitumwa Vuga kuchanja watoto. Nikawa nakula viazi vyangu peke yangu, nimejifungia. Siku mbili zikapita, hakuna mama aliyeleta mtoto. Siku ya soko muuza mboga mmoja akanicheka: "Nesi, chakula chetu unakiogopa, sindano yako tusiiogope?"

Nikanawa, nikala ugali na mboga yake ya mchunga, yale majani machungu, nikaomba aniongeze. Akawapigia kelele wenzake: "Leteni watoto, kumbe huyu ni mtu!" Wakaja.

Nijibu upesi: huko Muheza wamekukaribisha chakula gani?