Talmudi Iliyovikwa Khaki

Golden Valley, 2 Machi 2025

Kwa mdogo wangu Timothy,

Hujambo? Watoto wazima? Mimi mwili mzima, ila roho inachemka.

Nilikuomba unishikie shifti moja tu kwa Mzee Asher. Umpe dawa, umpikie uji, basi. Nani alikutuma kabatini? Ile Talmudi, kitabu cha dini yao Wayahudi, ilichapwa Venisi karibu miaka mia tano iliyopita! Mzee amehangaika tangu ujana akikusanya juzuu za toleo lile, na hiyo ndiyo ilikuwa imebaki ili zitimie. Wewe ukaijalidi kwa karatasi ya khaki kama daftari la shule, ukaandika juu: “Jina: Mzee Asher. Somo: Dini.” Ala! Na kurasa zilizochanika ukazipiga selotepu. Fundi wa vitabu vya kale anasema ukiibandua, herufi zinatoka nayo.

Mzee hali chakula. Nimekosa pa kuuweka uso wangu. Njoo umwombe msamaha.

Dada yako,
Nkirote

Maplewood, 9 Machi

Dada,

Salamu. Sisi wazima.

Usinifokee kama mtoto. Kitabu cha Mungu kilikuwa kinapukutika, nami nikakistiri. Umesahau kila Januari Baba akitukalisha sakafuni na makasi tujalidi vitabu vya shule? Kwetu kitabu kikiwa uchi ni aibu ya nyumba nzima. Nimefanya heshima, mnaniita mharibifu. Siji kumpigia mtu magoti!

Nduguyo,
Timothy

Golden Valley, 23 Machi

Timothy,

Leo sikuulizi hali. Nilimsomea Mzee barua yako. Alifoka, akagonga meza, kisha akataka nimweleze habari za Baba na makasi yake. Akasema, “Waliokishika kabla yake walikiachia nta ya mishumaa na madoa ya divai. Huyu mpumbavu wako ndiye wa kwanza kukivalisha nguo.”

Hasira bado anayo. Anataka uje akutukane ana kwa ana, halafu akuonyeshe jinsi ya kufungua ukurasa. Si Jumamosi, ni sabato yake. Njoo Jumapili ukitoka kanisani. Anazidi kudhoofika. Acha kiburi, ndugu yangu.

Dada yako,
Nkirote

Golden Valley, 6 Mei

Timothy,

Kila Jumapili aliniambia niweke kiti cha pili. Ulikuwa wapi? Gari lilikufa? Miguu je?

Tulimzika jana. Kwao, kitabu kitakatifu kisichosomeka tena huzikwa kama mtu. Juzuu nyingine zimeenda maktaba. Hiyo moja wamemlaza nayo. Nilitaka kuivua khaki kwanza, mwanawe akanizuia. Alisema baba yake alikataza.

Kwa hiyo imeshuka kaburini na mwandiko wako juu: “Jina: Mzee Asher. Somo: Dini.”

Nkirote