Kikao cha Kuchagua Pikapu Mpya za Gitaa la Marehemu Gakuru

KANISA LA MALISHO, KITENGELA
KAMATI YA MUZIKI

Kikao kilifanyika Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025, katika chumba cha vyombo nyuma ya kanisa, baada ya mazoezi ya kwaya.

WALIOHUDHURIA
Bw. Timothy Kisemei – Mwenyekiti
Mzee Njuguna – Mwakilishi wa wazee wa kanisa
Bi. Nyakio Gakuru – Kiongozi wa kwaya, mjane wa marehemu Gakuru aliyekuwa mpiga gitaa wetu
Seleyian – Mpiga gitaa wa sasa
Bw. Nashon – Fundi wa vyombo (mwalikwa)
Bi. Caroline – Katibu

ALIYEKOSA KWA UDHURU
Bw. Bedan, aliyepeleka mbuzi sokoni Bisil.

KUMB. NA. 1/3/2025: KUFUNGUA KIKAO
Bi. Nyakio aliomba kwa ufupi. Mwenyekiti aliwasalimu wanachama kwa Kimaasai, "Sopa", akawasihi wasitoke nje ya ajenda kama kikao kilichopita. Aliyasema hayo akimwangalia Mzee Njuguna. Mzee Njuguna alikuwa akitazama dirishani.

KUMB. NA. 2/3/2025: YALIYOTOKANA NA KIKAO KILICHOPITA
Mzee Njuguna alisema kwamba kabla ya kununua kitu chochote cha gitaa, kuna jambo la mpigaji. Alieleza kwamba kwenye mkutano wa injili tulioupigia muziki kule Bisil, maombi yalipoanza, kila mtu aliinua mikono isipokuwa Seleyian. Alisema si mara ya kwanza, na kwamba hata hapa Kitengela amemwona. Alipendekeza asipige gitaa hadi wazee wakae naye, na kama ni Pasaka impite, basi impite.

Aliongeza kwamba tabia hiyo anaijua ilikotoka, kwa sababu aliyemfundisha naye alikuwa hivyo. Bi. Nyakio alimwomba amtaje kwa jina huyo aliyemfundisha. Mzee Njuguna alisema kila mtu anamjua. Bi. Nyakio alisema kwamba hata yeye anamjua, alilala naye kitanda kimoja.

Mwenyekiti aliomba ajenda iendelee.

KUMB. NA. 3/3/2025: PIKAPU
Bw. Nashon alieleza kwamba pikapu ni zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, ndizo zinazochukua sauti kuipeleka kwenye spika. Za gitaa hili zimezeeka, moja imekufa kabisa. Waya zote alizikagua akazikuta sawa. Kuna za koili moja, yaani zongo moja la waya, ambazo zitatoa sauti ileile tuliyoizoea, nyembamba na safi, lakini zitavuma kama hizi. Na kuna za koili mbili, ambazo hazivumi, ila sauti yake ni nzito kidogo.

Bi. Nyakio alisema kwamba anataka za koili moja. Alisema mumewe alipiga gitaa hilo tangu kanisa likiwa la mabati, na Jumapili akifumba macho bado anamsikia. "Sauti hiyo ndiyo mmenibakishia. Msinichukulie."

Seleyian aliulizwa maoni yake. Alisema kwamba angependa za koili mbili, lakini hawezi kubishana na Mama Nyakio. Mwenyekiti alimwomba atoe sababu. Alijibu: "Ndiyo niweze kuomba kama wengine."

Mzee Njuguna aliuliza pikapu na maombi vinahusiana wapi.

KUMB. NA. 4/3/2025: JARIBIO
Gitaa liliunganishwa kwenye amplifaya. Seleyian aliweka kiganja juu ya nyuzi, pakawa kimya. Mwenyekiti alimwambia ainue mikono kama ilivyo kwenye maombi. Alipoinua, mvumo ulijaa chumba hata kioo cha dirisha kikatetemeka. Aliporudisha mkono, ukaisha. Bw. Nashon alithibitisha kwamba ndivyo gitaa hili lilivyo, linanyamaza likishikwa, na kule Bisil jenereta ilizidisha mvumo.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini lisizimwe wakati wa maombi. Seleyian alieleza kwamba Mchungaji huinua kidole katikati ya maombi, na muziki unatakiwa uingie polepole papo hapo. Ukizima, unapowasha spika inapiga kishindo watu wanashtuka.

Mzee Njuguna aliomba jaribio lirudiwe. Lilirudiwa. Aliuliza kwa nini Seleyian hakusema siku zote hizo. Seleyian alijibu kwamba hakuulizwa.

Bi. Nyakio alisema kwamba mumewe aliulizwa. Alikumbusha kikao cha siku jina la Gakuru lilipopendekezwa kwa uzee wa kanisa. Mzee Njuguna alimuuliza mbele ya watu kwa nini hainui mikono mbele za Mungu, naye akajibu, "Mimi wakati huo niko kazini." Jibu lilichukuliwa kuwa ni kiburi, na jina lake halikutajwa tena mpaka tulipomzika. Bi. Nyakio alisema nyumbani alimuuliza mumewe kwa nini asieleze vizuri, naye akamwambia kwamba watu wakiomba kwa utulivu yeye inamtosha.

 

KUMB. NA. 5/3/2025: UAMUZI
Bi. Nyakio aliondoa pendekezo lake la kwanza, akapendekeza pikapu za koili mbili. Alisema kwamba ule mvumo anaupenda, kwa sababu ulipokuwa ukikatika ghafla alijua Gakuru ameweka mkono. Lakini hataki mtoto wa watu ashikilie nyuzi maisha yake yote halafu aitwe mwenye kiburi. Alilia kidogo, akasema tuendelee.

Mzee Njuguna aliunga mkono. Pendekezo lilipita bila pingamizi. Bw. Nashon atazifunga kabla ya Pasaka, na atakayepiga Pasaka ni Seleyian. Pikapu kuukuu Bi. Nyakio hakutaka kwenda nazo nyumbani, alisema zikae kwenye mfuko wa gitaa.

Mwenyekiti aliuliza kama maneno ya KUMB. NA. 2 yafutwe. Mzee Njuguna alisema yabaki yalivyo, ili asije akasema siku moja kwamba hakuyasema.

KUMB. NA. 6/3/2025: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti aliwaomba wanachama wasimame kwa maombi. Gitaa lilikuwa bado limewashwa, na Seleyian aliinama kulishika kama kawaida yake. Mzee Njuguna alitoka kitini, akamwambia, "Wacha nishike mimi." Alifunika nyuzi kwa kiganja. Seleyian aliinua mikono yote miwili. Ni mara ya kwanza Katibu kumwona Mzee Njuguna akiomba bila kuinua mikono yake.

Amina iliposemwa, Mzee Njuguna hakuondoa mkono kwenye nyuzi. Hakuna aliyemharakisha. Ndiyo maana kikao kilichopangwa kuisha saa kumi na moja kilifungwa saa kumi na moja na robo jioni.

Imethibitishwa kuwa ndivyo ilivyokuwa:

................................
T. Kisemei, Mwenyekiti

................................
Caroline, Katibu